Kwa Nini Tunaimba Jubilei Katika Majilio

Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Misa ya Jubilei ya Fedha, Jumapili ya Tatu ya Majilio, 14 Desemba 2025

Tumepewa dakika chache za kusema kwa niaba ya kwaya, na Padre ametukumbusha kwa upole kwamba sufuria ziko jikoni. Tutajitahidi.

Tangu tarehe ya sherehe hii itangazwe, swali moja limetufuata kila mahali, hata sokoni siku ya soko. Kwa nini kwaya ifanye jubilei katikati ya Majilio? Jubilei ni shangwe, na Majilio ni kipindi cha kutulia. Utukufu hauimbwi. Padre huvaa zambarau, isipokuwa leo alipovaa waridi. Kinanda na ngoma tunavipiga kwa kiasi, kama Kanisa linavyotuagiza, ili furaha ya Noeli isimalizwe kabla ya Noeli yenyewe. Wengine walitushauri tungoje Januari. Wengine walisema tusogeze mpaka Pasaka, vigelegele viwe huru.

Kamati ilikaa mara mbili juu ya jambo hili. Mwishowe tukabaki hapa hapa kwenye Majilio, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kwaya hii ilizaliwa katika Majilio. Ya pili ni kwamba tukitazama nyuma miaka hii 25, mambo makubwa yaliyotupata yalitukuta tukiwa tunangoja, na ni katika kungoja huko tulikojifunza maana ya tumaini. Tukiruhusiwa, tungependa kuwasimulia hayo, kisha tuombe jambo moja kabla hatujakaa.

Tulizaliwa mwaka wa ukame

Mwaka 2000 Kanisa zima lilikuwa katika Jubilei Kuu iliyoitishwa na Papa Yohane Paulo II. Lakini ukiwauliza wazee wa hapa Ukambani kuhusu mwaka huo, watakuambia kwanza habari za ukame. Mabwawa yalipungua maji mpaka umeme ukatolewa kwa mgao nchini. Sisi ambao nguzo za stima zilikuwa bado hazijatufikia, mgao huo tuliusikia redioni tu. Giza letu lilikuwa la kawaida.

Katika hali hiyo, Jumapili ya kwanza ya Majilio, katekista wa wakati ule aliwaomba watu wenye moyo wa kuimba wabaki baada ya Misa. Walibaki 14. Hapakuwa na kinanda. Palikuwa na ngoma moja, kayamba mbili, na daftari moja la nota lililonakiliwa kwa mkono, kurasa zake zimekula mafuta ya taa. Mazoezi yalikuwa jioni, baada ya mbuzi kurudi zizini. Baadhi yetu tunaoimba leo tulikuwa watoto wakati ule, tukilazwa kwenye mkeka pembeni huku mama zetu wakirudia sauti ya pili, mpaka tukaijua usingizini.

Waanzilishi wametusimulia kwamba wimbo wa kwanza waliojifunza ulikuwa wa Noeli. Mmoja wao akanung'unika. Ghala ni tupu, ng'ombe wamekonda, nasi tunajifunza wimbo wa furaha? Tena wimbo wenyewe hauruhusiwi kuimbwa mpaka mwezi uishe? Mama mmoja wa soprano akamjibu, "Shambani umepanda au hujapanda? Basi na hapa tunapanda."

Wageni wetu kutoka mbali huenda wasiuelewe uzito wa jibu hilo, kwa hiyo tueleze kidogo. Kwetu huku mvua tunayoitegemea zaidi ni ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba. Mvua hiyo ni fupi. Ukingoja inyeshe ndipo utafute jembe na mbegu, umechelewa, kwa maana maji ya kwanza yamepita bila kukutana na mbegu. Kwa hiyo wengi wetu hupanda kabla. Unatoboa udongo mkavu, vumbi linakuingia puani, unatia mahindi, ndengu, kunde, mbaazi, unafukia, unaenda nyumbani. Anga liko safi bila hata wingu moja. Mpita njia asiyejua atakuona kama mtu anayezika chakula.

Kila mkulima aliyeko hapa anajua kwamba mbegu ile inaweza kuliwa na mchwa au na kwale. Anajua pia kwamba iko miaka mvua haiji. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, sehemu nyingi za mashariki na kaskazini mwa Kenya zilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Mitano! Na bado watu walitafuta mbegu, wengine kwa kukopa, wakapanda tena.

Leo katika somo la pili tumemsikia Mtume Yakobo akiwaelekeza Wakristo wamtazame mkulima anavyongojea mvua ya kwanza na ya mwisho. Tulipokuwa tukiyaandaa masomo haya na msomaji, tulicheka kidogo, tukasema Yakobo angeishi hapa kwetu asingehitaji kueleza zaidi. Kungoja kwa mkulima si kukaa kibarazani. Ameshafanya sehemu yake, na sehemu iliyobaki haiko mikononi mwake.

Majilio ya watu tisa

Sasa tuseme jambo ambalo kwaya nyingi huliruka katika vitabu vyao vya jubilei. Sisi pia tulitaka kuliruka. Lakini tukajiuliza, tukiliruka, tutasemaje kuhusu tumaini mbele ya watu waliokuwapo wakaona?

Kufikia mwaka 2012 tulikuwa wanakwaya 43. Kwa miaka mitatu tulikuwa tumechanga fedha za kununua kinanda na sare. Tulichangisha harambee, tukaimba kwenye arusi, tukauza maandazi baada ya Misa. Akina mama walitoa sehemu ya bei ya ndengu zao. Siku ilipofika ya kwenda kununua kinanda, fedha hazikuwapo. Hatutamtaja mtu hapa, na tunaomba asitajwe hata huko nje chini ya mwembe. Tunasema tu kwamba kila mmoja wetu alikuwa na lawama, na wengi wetu tulikuwa na sehemu katika kosa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza kitabu cha hesabu kiko wapi. Tuliona aibu kuulizana.

Maneno yaliyosemwa katika mkutano ule hatuwezi kuyarudia kanisani. Ndugu wa tumbo moja walitoka kwa milango tofauti. Wengine walihamia makanisa mengine. Wengine walibaki parokiani lakini wakakaa upande wa pili wa kanisa, mikono wameikunja, wakati sisi tunaimba.

Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka huo tulikuwa tisa. Hatukuwa na tena hata mmoja. Mwalimu wa kwaya alisimama mbele yetu, akatutazama kutoka upande huu hadi ule, hakusema kitu. Kisha akachagua wimbo wa sauti moja. Tuliimba tukitetemeka. Baada ya Misa mmoja wetu alisema wazi kwamba kwaya imekufa na sisi ni watu wa kusindikiza jeneza.

Lakini jioni ile, sijui kwa nguvu gani, tulibaki na kufungua nyimbo za Noeli. Zilikuwa za sauti nne. Tuliuliza, tutaziimbaje bila tena? Mwalimu akasema tujifunze sauti tulizonazo, na ile ya tatu tuiachie nafasi yake. Akatufundisha hivyo. Pale tena walipopaswa kuingia, yeye alihesabu mapigo kwa kidole, sisi tukanyamaza, kisha tukaendelea. Kwa wiki kadhaa tulifanya mazoezi ya wimbo wenye shimo katikati.

Jumanne moja kabla ya Noeli mlango ulifunguliwa, akaingia mmoja wa waliotoka. Tena. Hakusalimia, nasi hatukujua la kusema. Alisimama mahali pake pa zamani, mama mmoja akampa karatasi ya nota bila kumtazama usoni, na kipande kile kilipofika, akaingia. Hakuna aliyehubiri, na msamaha ulikuja kuombwa baadaye, tena polepole. Lakini ndivyo ulivyoanza.

Ndugu zetu, hatutaki kuipamba hadithi hii. Fedha zile hazikurudi mpaka leo. Sio wote walirudi. Kinanda tulikinunua miaka mitano baadaye, na tangu siku ile kila fedha ya kwaya hutolewa kwa sahihi za watu watatu, na hesabu husomwa kila baada ya miezi mitatu mbele ya wanakwaya wote, hata kama ni shilingi mia mbili. Tunasema haya kwa sababu wako wanaodhani kuwa na tumaini ni kufumba macho na kusema yote yatakuwa sawa. Sisi tulifumba macho tukaibiwa. Tumaini tulilojifunza baadaye lilikuwa na macho wazi na kitabu cha hesabu, na bado liliacha nafasi ya mtu kurudi.

Sauti ilipotutoka

Machi 2020 makanisa yalifungwa. Mnakumbuka. Kwaya isiyoweza kukusanyika ni kitu cha ajabu, ni kama kisima chenye mfuniko. Julai yalipofunguliwa, tuliruhusiwa watu wasiozidi 100, kwa saa moja, bila watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee waliopita miaka 58. Kuimba kwenyewe kulikuwa kwa barakoa, wachache, mmoja hapa na mwingine kule.

Katika wiki zile Padre alitusaidia kwa mfano wa Zakaria, baba yake Yohane Mbatizaji. Zakaria alikuwa kuhani, kazi yake ilikuwa kusali kwa sauti mbele ya watu. Malaika akamletea habari njema hekaluni, naye akashindwa kuamini, akatoka nje akiwa bubu. Miezi yote ile mkewe Elizabeti alipokuwa mjamzito, Zakaria hakuweza hata kumwambia neno. Ila ahadi ilikuwa ikikua ndani ya nyumba yake bila msaada wa sauti yake. Siku mtoto alipopewa jina, alipoandika kwenye kibao kwamba anaitwa Yohane, ulimi ukafunguka, na kitu cha kwanza kilichotoka kinywani mwake kilikuwa wimbo. Wimbo huo Kanisa linausali kila siku katika Masifu ya Asubuhi.

Tulilishika neno hilo. Ahadi ya Mungu haikufungwa pamoja na milango.

Tulikuwa na mzee wetu wa besi, mmoja wa wale 14. Alikuwa na miaka 71, kwa hiyo hakuruhusiwa kuja. Mnamjua, na familia yake iko hapa leo, tunawasalimu kwa heshima. Mzee huyu hakukubali kwamba kazi yake imekwisha. Mjukuu alimfundisha kurekodi sauti kwa simu. Ilipofika Novemba, akaanza kututumia besi ya wimbo wa Noeli kwa WhatsApp, mstari kwa mstari. Ndani ya rekodi hizo unasikia kuku, unasikia mtu anaosha vyombo, na katikati yake sauti ya mzee ikihesabu: "Moja, mbili, ngojeni... sasa." Vijana wa besi walikuwa wakisikiliza shambani na kwenye bodaboda, kisha wanarekodi na kumrudishia, naye anawasahihisha. Mmoja alikuwa na haraka, kila mara anaingia kabla ya pigo. Mzee alimrudishia ujumbe mfupi: "Kijana, kungoja nako ni sehemu ya wimbo."

Alifariki wiki ya tatu ya Majilio. Wiki kama hii tuliyomo. Alizikwa mbele ya watu wachache, na sisi tulioweza kufika tuliimba tukiwa tumesimama mbali mbali, sauti zinapotelea kwenye barakoa na upepo. Ule wimbo wake wa Noeli hatukuuimba kaburini. Wakati wake ulikuwa bado.

Misa ya mkesha mwaka ule ilisomwa jioni mapema, kwa sababu ya kafyu. Tuliimba tukiwa 12. Ilipofika ile sehemu ya besi, vijana wale wanne walingoja pigo lile moja kamili, kama walivyofundishwa, kisha wakaingia pamoja. Wengi wetu hatukuweza kuendelea na mstari uliofuata. Besi ndio waliotubeba mpaka mwisho.

Tumefikiri sana juu ya mzee yule. Alifanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya wimbo ambao hakuuimba hapa. Kama maisha yanaishia kaburini, basi kazi ile ilipotea. Sisi hatuamini ilipotea. Majilio, kuanzia mwanzo wake mpaka tarehe 16 Desemba, hutuelekeza kwanza kwenye kuja kwa pili kwa Kristo, na ni tarehe 17 ndipo tunageukia kwa karibu zaidi kuzaliwa kwake Betlehemu. Wakristo wengi husahau sehemu hiyo ya kwanza. Sisi hatuwezi kuisahau tena. Tunamngoja Bwana atakayetukutanisha sote, na tunaamini kwamba mzee wetu anaujua wimbo wake.

Swali la Yohane

Katika Injili ya leo tumemsikia mtoto yule wa Zakaria, sasa ni mtu mzima, yuko gerezani. Anawatuma wanafunzi wake kwa Yesu na swali zito: ni wewe, au tumngoje mwingine? Huyu ndiye aliyembatiza Yesu mtoni Yordani. Huyu ndiye aliyewaonyesha watu njia. Na sasa, kati ya kuta nne, anauliza.

Tunaona faraja kubwa kwamba Kanisa linatusomea swali hilo Jumapili ya furaha. Halimfichi Yohane. Kwa hiyo nasi hatutawaficha wenzetu wanaouliza. Katika kwaya hii wamo walimu tuliomaliza diploma, vyeti vimekaa kabatini mwaka wa sita, wa saba, na kila tangazo la ajira tunajaza fomu tena. Yupo mama ambaye binti yake alikwenda kufanya kazi Uarabuni, na kuna miezi simu haiiti. Wapo wanaongoja majibu ya hospitali wiki hii. Wapo waliozika. Mtu kama huyo akisimama Jumapili kuimba kwamba Bwana yuko karibu, halafu usiku anauliza kimoyomoyo, "Ni wewe kweli?", asidhani ametenda dhambi. Amesimama karibu na Yohane.

Na tazameni jibu la Yesu. Hakumkaripia Yohane. Aliwaambia wale wajumbe waende wakaseme wanayoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanapata Habari Njema. Hayo ndiyo aliyoahidi nabii Isaya, tuliyemsikia katika somo la kwanza akisema nyika na nchi kavu vitachanua.

Lakini liko jambo moja Yesu hakulifanya. Hakulifungua gereza. Yohane hakutoka, na baadaye Herode aliamuru akatwe kichwa. Ikiwa tumaini ni kupata tulichoomba, Yohane alikufa bila tumaini. Sisi tunaamini alikufa nalo. Alikuwa ameuliza kama Yesu ndiye, na jibu likamfikia. Tumaini la Mkristo limemshikilia Kristo mwenyewe, ambaye alikuja, anakuja, na atakuja. Ndiyo sababu haliishi ajira inapochelewa, mvua inapokatika au fedha zinapoibiwa. Mambo hayo yanaumiza, na tunayaombea kila siku. Lakini hayo siyo yaliyoshika mzizi wa tumaini letu.

Mwaka huu tumeliona hilo hata katika Kanisa zima. Usiku wa tarehe 24 Desemba 2024 Papa Fransisko aliufungua Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro, akatuita sote tuwe mahujaji wa matumaini. Aliufungua akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Tarehe 21 Aprili, siku moja baada ya Pasaka, akaaga dunia. Mlango huo utafungwa na Papa Leo XIV tarehe 6 Januari. Mmoja ameufungua, mwingine ataufunga, na mahujaji wameendelea kupita. Hata kwaya yetu iko hivyo. Wale 14 walianza, watano ndio tunao leo, wamekaa pale mbele na mashada yao shingoni. Tuwapigieni makofi.

Wimbo ulio kabatini

Tunafika mwisho, Padre, tumeiona saa yako.

Wengi hamjui kinachoendelea nyuma ya milango ya kanisa siku ya Jumanne na Jumamosi jioni katika mwezi huu. Jumapili mnatusikia tukiimba kwa utulivu nyimbo za Majilio, na mnadhani hayo ndiyo tuliyo nayo. Lakini jioni tunafunga madirisha, tunafungua kabati, na tunatoa nyimbo za Noeli. Utukufu mpya wa Noeli tumeufanyia mazoezi tangu Oktoba. Tunaujua. Watoto wa jirani wanaocheza nje wanaujua tayari, na tumewaomba wasiuimbe barabarani. Tukimaliza, tunazirudisha karatasi kabatini, na Jumapili tunakuja tena na nyimbo za kungoja.

Ukituuliza tumaini ni nini, tutakupeleka kwenye mazoezi hayo. Mtu wa tumaini anabeba ndani yake wimbo ambao siku yake haijafika. Hausahau kwa sababu leo ni zambarau, wala haulazimishi kabla ya wakati. Anaendelea kuurudia, kwa sababu anamjua Yule ambaye wimbo unamhusu, na anajua kwamba yuko njiani.

Na sasa ombi letu. Kuna watu waliotoka mwaka 2012 ambao hawajarudi. Baadhi yenu mko humu kanisani leo, tumewaona mlipoingia, na mioyo yetu imefurahi kuliko tunavyoweza kusema. Kama kwaya, tunawaomba msamaha mbele ya kusanyiko hili kwa maneno tuliyowatamkia na kwa mwaka mwingi tuliopita bila kubisha hodi kwenu. Hatuwaombi mseme chochote. Katika benchi la kwaya, mstari wa nyuma, tumeacha nafasi sita. Hatukuziacha kwa bahati mbaya. Mazoezi ni Jumanne hii saa kumi na moja jioni. Karatasi za nota zipo. Sauti zenu tumeziachia nafasi.

Na ninyi wengine nyote mnaopitia kipindi kigumu, kwaya hii inawaalika mtegemee sauti zetu kwa wiki hizi zilizobaki. Usipoweza kuimba, kaa tu. Wengine wataimba kwa niaba yako, kama besi walivyotubeba usiku ule wa mkesha. Siku itakuja nawe utambeba mwingine.

Hesabu ya michango ya sherehe hii, kama kawaida, itasomwa hadharani Jumapili ya kwanza ya Januari.

Mungu awabariki, na atujalie sote kuiona Noeli kwa furaha na amani.

Tumsifu Yesu Kristo!